Chaki Kwenye Rimu

Nyumbani kwetu kuna fundi mmoja. Hivyo ndivyo mtaa mzima unavyoamini, na mtaa mzima umekosea, maana tupo wawili. Mimi nashona nguo kwenye cherehani iliyo dirishani tangu binti yetu hajaota meno, na sasa huyo binti ni muuguzi mwenye meno yake yote na maneno yake yote. Lakini mtu akigonga geti na kuuliza, "Fundi yupo?" hanitaki mimi. Namuuliza, "Yupi?" huku pini zimenijaa mdomoni, naye anacheka, anadhani namtania. Kisha ananipita na rimu ya gari lake begani kuelekea banda la nyuma kwa mume wangu.

Hata mume wangu mwenyewe hajawahi kuniita fundi. Ananiita mama, na akiniongelea kwa watu husema, "Mama yupo ndani, anashonashona." Hilo neno anashonashona nimelimeza miaka thelathini na moja na bado halijashuka.

Yeye alikuwa mkereza vyuma kiwandani mpaka alipostaafu. Banda la nyuma tulilijenga kwa ajili ya gari. Gari halikuja, zikaja rimu. Si hizi rimu za chuma ambazo hata fundi pancha wa hapo nje ya geti letu anazinyoosha kwa nyundo. Ni zile za aloi, za vipande vitatu, zinazoshikanishwa kwa duara la bolti ndogondogo. Yeye huviita vipande hivyo uso, mdomo na tumbo. Uso ni ule wa katikati unaoonekana na watu. Mdomo ni ukingo wa nje, unaong'arishwa mpaka ukiutazama unajiona. Tumbo ni lile pipa la nyuma ambalo hakuna anayelisifu ingawa kazi yote inabebwa nalo. Kila anapomweleza mteja habari ya tumbo mimi hupaza sauti kutoka dirishani, "Kama mimi," naye hujifanya hakusikia.

Kazi yenyewe naijua kwa kuitazama. Anafungua bolti thelathini za kila rimu na kuziloweka kwenye mafuta ya taa, ndani ya kopo lililokuwa la vifungo vyangu. Anakwangua rangi kuukuu, anapiga msasa mkavu, halafu msasa wa maji, anapaka rangi uso, anang'arisha mdomo kwa mabaki ya vitambaa vyangu. Kisha anavikutanisha vipande na kukaza bolti kwa kuvukavuka, moja huku na nyingine upande wa pili, mpaka ile spana yake ya kipimo, inayolia bolti ikikaza sawasawa, iseme tak. Mwisho anazungushia silikoni kwenye maungio ili upepo usitoroke. Kazi ya wiki nzima, na wakati wote huo hasemi neno, anaguna tu wimbo mmoja ambao nadhani ameutunga mwenyewe, maana hauna mwisho.

Sijui mambo yalianza kwenda mrama lini. Nikijaribu kukumbuka siku ya kwanza, siipati. Kuna siku alimuuliza fundi pancha habari za mama yake mara mbili ndani ya dakika kumi, na mama huyo tulishamzika, mume wangu akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kuna siku aligeuza nyumba juu chini akitafuta spana namba kumi, na spana ipo mkononi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki iliyofuata akaitafuta tena, ipo mkononi tena, na mara hiyo nikajikuta namtazama tu.

Halafu ikarudi rimu ya mteja mmoja mwenye pikapu. Bolti sita hazikuwa zimekazwa, zilizungushwa kwa vidole basi. Bahati nzuri mwenye pikapu alisikia mlio kabla hajafika barabara kuu. Alikuja kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Mume wangu alizishika zile bolti moja moja, akaniambia, "Nilizikaza hizi." Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananiuliza.

Binti yetu alipopata habari alikuja siku hiyohiyo, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini.

"Mama, watu wanapanda juu ya hizo rimu," alisema.

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Mpwa wa baba ana karakana. Vifaa vichukuliwe, baba apumzike."

"Apumzike afanye nini? Anitazame nikishona?"

Binti si mtu mbaya, ila kazi ya wodini imemzoesha kuamua haraka. Mwisho tukakubaliana, mimi na yeye, jikoni, baba mtu hana hili wala lile. Angefanya kazi moja zaidi. Rimu nne za mwalimu mmoja wa udereva zilikuwa zimeshaletwa, na Jumapili binti angekuja kuzikagua mwenyewe, bolti kwa bolti. Zikiwa sawa, baba anaendelea. Zikiwa na kasoro, Jumapili hiyohiyo banda linafungwa. Nilikubali kwa kichwa tu, moyoni nilijiona msaliti.

Mwalimu wa udereva ana gari la zamani ambalo limegongwa na wanafunzi wa kila aina, lakini rimu zake anazipenda kuliko gari lenyewe. Mume wangu alizitambua mara moja.

"Hizi nilizifanya mimi," alisema. "Miaka saba iliyopita. Matundu ya bolti yalikuwa yameliwa na kutu, nikayatoboa upya kwa mkono. Kila uso na mdomo wake na tumbo lake. Ukizichanganya hazikubali."

Nilimsikia na moyo ukatulia. Mtu anayekumbuka matundu ya miaka saba, anaumwa nini? Nikawaza kwamba mimi na muuguzi wangu tumemzushia mtu maradhi. Asubuhi iliyofuata akaniuliza mwalimu wa udereva atazileta lini zile rimu, naye amekaa katikati ya rimu zenyewe. Basi nikarudi nilikotoka. Hivyo ndivyo wiki ile ilivyokuwa, saa hii mzima, saa ile sijui, na mimi katikati kama nguo inayopimwa na mafundi wawili.

Jumatatu chaki yangu ya bluu ilipotea. Mshonaji bila chaki hana macho. Nilimwaga droo zote sakafuni, nikamshuku mteja mmoja anayependa kuchokonoa vitu vya watu, mwishowe nikatumia kipande cha sabuni kikavu na kununa.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, mume wangu akalala kidogo nami nikapita bandani. Vile vipande kumi na viwili vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na nakiri vilipendeza. Midomo iling'aa, nyuso zilipakwa rangi ya fedha na kukauka. Rangi imekauka, mng'aro upo, nikajua kazi imekwisha, imebaki kufunga. Ila kwa ndani, kwenye sehemu isiyoonekana, kila kipande kilikuwa na alama za bluu. Chaki yangu. Kwanza nilikasirika, halafu nikacheka, halafu mkono ukafanya ulichozoea. Nguo ikishaisha, chaki inafutwa. Sijawahi kumkabidhi mteja nguo yenye chaki hata siku moja, na sikuona kwa nini mwalimu wa udereva apewe rimu yenye chaki. Nikachukua kitambaa chenye maji nikavifuta vyote kumi na viwili, taratibu, nikajisikia mke mwema. Chaki yenyewe niliikuta kwenye kopo la bolti, nikaiweka mfukoni.

Alhamisi alianza kufunga, na vipande havikukubali.

Nilimwona kutoka dirishani. Anachukua uso, anauweka juu ya tumbo, anazungusha, anachungulia matundu, anazungusha tena. Bolti nane zinaingia, ya tisa inagoma. Anatoa, anachukua tumbo jingine. Kufikia adhuhuri alikuwa ameacha kuguna wimbo wake. Nilimpelekea chai, akaipokea na kuiweka chini, na jioni niliikuta palepale imepoa.

"Havikubali?" nilimuuliza.

"Nimevichanganya," akasema.

Ijumaa asubuhi ikawa hivyohivyo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, anavitazama vile vipande kama watu anaopaswa kuwajua. Nilijikaza nikashindwa. Niliingia chumbani nikampigia binti simu.

"Ameshindwa," nikamwambia. "Njoo tu Jumapili na huyo mpwa."

"Pole, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ya wodini kabisa.

Nilipotoka chumbani nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni. Nilidhani amesikia. Hakuwa amesikia chochote. Alikuwa na jambo lake.

"Mama, nikuulize kitu, usinicheke."

"Uliza."

"Niliweka alama. Jumatatu. Nilichukua ile chaki yako ya bluu nikaandika kila kipande, moja, mbili, tatu, nne, na mstari wa kuonyesha kinakaa vipi. Naona kabisa mkono wangu ukiandika. Sasa nimegeuza kila kimoja, hakuna hata alama moja." Akashusha pumzi. "Macho yangu ndiyo mabovu au ni kichwa?"

Nikaitoa chaki mfukoni, nikamwonyesha, na huku machozi yananitoka nikaanza kucheka.

"Nilifuta mimi."

"Nini?"

"Nilifuta mimi, Jumatano, ulipolala. Nilidhani kazi imekwisha."

Nilitamani anikaripie. Angenikaripia ningefurahi, kwa sababu mume wangu wa zamani angenikaripia.

"Siku mbili," akasema, "nimejiona mwehu siku mbili. Kwa sababu ya usafi wako."

"Nisamehe."

"Sikusamehi. Njoo unisaidie kuvipatanisha."

Nilimpigia binti tena kabla sijavaa hata viatu. Nikamwambia ni mimi, ni chaki, baba yake hana tatizo, alikuwa ameandika vizuri kabisa, moja mpaka nne. Akasema, "Una hakika, mama?" Nikamwambia nina hakika kama ninavyojua jina langu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na furaha kiasi hicho ya kukosea.

Tukakaa bandani, yeye kwenye kigoda na mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye akijaribu vipande, mimi akanipa tumbo moja nikwangue silikoni ya zamani iliyobaki kwenye ukingo, pale vipande vinapokutana. Nilitumia kile kisu changu kidogo cha kufumulia mishono. Silikoni ilitoka kwa mikanda, laini. Karibu na tundu la valvu kidole changu kikagusa kitu. Mimi vidole vyangu vinasikia fundo la uzi ndani ya pindo, sembuse chuma. Vilikuwa vishimo viwili vidogo, vimekaa pamoja, vimepigwa kwa ncha ya msumari mgumu.

Nikachukua tumbo la pili, nikakwangua palepale. Vishimo vitatu. La tatu, kimoja. La nne, vinne. Nikauinua mdomo mmoja, nikaugeuza, nikaupapasa ukingo wake. Vishimo vitatu. Nikaulaza juu ya tumbo lenye vitatu, vishimo vikiwa upande mmoja, na nikaona matundu yote thelathini yanapitisha mwanga.

Moyo uliruka kwa furaha, na ukiwa bado juu huko nikaelewa. Nani mwingine angezipiga nukta hizo? Mume wangu ndiye aliyetoboa matundu kwa mkono miaka saba iliyopita. Hakutumia chaki wakati ule, alitumia nyundo, ili alama isifutwe na maji wala msasa wala mke. Huenda ndivyo alivyofanya maisha yake yote, tangu kiwandani, kila kipande cha kila rimu iliyopita bandani mwetu. Na Jumatatu alichukua chaki yangu kwa sababu hakujua tena kwamba nukta zipo.

Kwa hiyo nilikuwa na kosa, na sikuwa na kosa. Nilifuta chaki ambayo haikuhitajika. Nilimwambia binti kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa uongo. Nilikaa juu ya ndoo na lile tumbo mapajani, sijui nilie au nishone.

Nikafanya ninachokijua, nikamficha jambo hilo. "Hebu jaribu huu na hili," nilisema, kama mtu anayebahatisha. Vikakubali. "Na huu? Naona kama unaelekea huku." Vikakubali. Alinisifu. Alisema nina mkono mwepesi, akaguna wimbo wake kidogo. Tukapata rimu ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alikuwa anapangusa ukingo kwa kidole gumba, na kidole kikasimama.

Alirudi nyuma, akapangusa tena. Akainamisha kichwa, akazihesabu. Kisha akafungua droo yake ya chini, akatoa msumari wa kupigia alama, akaiweka ncha yake ndani ya kishimo. Ilikaa sawasawa.

"Hizi nilizipiga mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe umeziona saa ngapi?"

"Tangu rimu ya kwanza."

Aliukunjia ngumi ule msumari. Nje fundi pancha alikuwa anamcheka mtu, na cheko lake likaingia mpaka ndani.

"Basi chaki ilikuwa ya nini?" aliniuliza.

Nikamwambia, "Sijui, baba." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia ya mahali alikokwishaanza kupotea.

Akaurudisha msumari kwenye droo. Mwisho akanyoosha mkono, kiganja juu, nami nikadhani anataka nimshike, nikamshika.

"Si mkono," akasema. "Chaki."

Nikampa. Akaivunja vipande viwili, akanirudishia kimoja.

"Nitakaza mimi. Wewe sikiliza spana. Ikisema tak, weka alama juu ya bolti. Isiposema, usiweke, hata nikikuambia nimekaza. Hata nikikuapia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hata nikikasirika."

Na kweli alikasirika. Kwenye rimu ya pili alisema amemaliza, nikamwambia bado mbili hazina chaki, akanijibu kwa ukali kwamba alikuwa anakaza bolti kabla sijajua kutunga uzi kwenye sindano. Ukali wake niliuacha upite, nikamwonyesha zile mbili kwa kidole. Akazipima. Hazikuwa zimekazwa. Akazikaza, tak, tak, nikaweka alama. Bolti mia moja na ishirini, na kufikia saa kumi jioni vidole vyangu vilikuwa vya bluu. Kisha akazungushia silikoni, na Jumamosi mchana fundi pancha akavalisha tairi na kujaza upepo. Tulipaka maji ya sabuni kwenye maungio tukainama wote watatu kutafuta povu. Hakikutoka hata kipovu kimoja.

Jumapili binti alikuja peke yake. Hakumleta yule mpwa, kwa sababu ya simu yangu ya pili. Alimwamkia baba yake, akavua pete, akachukua spana ya kipimo, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya rimu ya kwanza. Alipima bolti zote. Hakuruka hata moja. Alipofika ya mwisho alikuwa anatabasamu.

"Zote ziko sawa," alisema. "Baba, nisamehe. Kumbe ilikuwa mama na chaki yake."

Nilisubiri. Ningeweza kunyamaza, na nadhani ningenyamaza. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kusema, kwa sauti ileile anayowaelezea wateja habari za uso na mdomo na tumbo.

"Si chaki. Nilikuwa na alama zangu mwenyewe ndani ya chuma, nikazisahau. Mama yako ndiye aliyeziona. Mimi nakaza, yeye anasema imekazwa au bado. Peke yangu sitafungua tena hata bolti moja. Kama hiyo haitoshi, waambie waje wachukue vifaa."

Binti alinitazama, akamtazama yeye, akaiweka spana chini. Nilimwona anatafuta ile sauti ya wodini na hakuipata. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha, kwa kuwa ni mtoto wangu na mikono yake haijui kukaa bure, akachukua kitambaa akainamia zile alama za bluu zilizojaa kwenye bolti.

"Mwalimu anakuja kesho," akasema. "Hizi nizifute, baba?"

Mume wangu alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, anatafuta kigoda chake ambacho kilikuwa nyuma yake.

"Mimi sijui," akasema. "Muulize fundi."

Binti alinigeukia, anasubiri. Miaka thelathini na moja nimelitaka neno lile. Nilisimama pale bandani nikiwa na kipande cha chaki mkononi, na kama ningejua namna ya kumrudishia, ningemrudishia siku hiyohiyo.

"Ziache," nikasema.